Nimepitisha mchoro mmoja katika programu nne za mashine ya kukatia: mraba wa sentimita 10 umetoka na 13.3

FundiMkeka (mwanzisha uzi)

Habari za kazi, ndugu zangu wa karatasi na vinili.

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikijaribu programu za kusanifia michoro ya mashine ndogo ya kukatia, ile ya mezani ambayo huvuta mkeka wa kunata mbele na nyuma huku kisu kikitembea kushoto na kulia. Mapitio mengi niliyoyasoma huhesabu vitufe na michoro iliyomo ndani ya programu, na mimi sikuwa na haja ya kuhesabu vitufe. Nilitaka kujua kama mchoro wangu mwenyewe, ukiingia katika programu na kupelekwa kwenye kisu, hutoka ukiwa uleule.

Nilitengeneza faili moja la SVG (muundo unaohifadhi mchoro kama mistari na maumbo) lenye vitu viwili, yaani mraba wenye upande wa sentimita 10 na neno "karibu" kwa fonti ya mwandiko wa mkono ambayo herufi zake hushikana. Kando yake niliweka picha ya PNG ya ua la petali tano nililolichora kwa penseli kisha nikaliskani. Mraba unapima ukubwa, neno linapima jinsi programu inavyoelewa maumbo yaliyopandana, na ua linapima uwezo wa kugeuza picha kuwa mstari wa kukata. Mashine yangu ni ya Silhouette, na niliazima ya Cricut kwa dada yangu ili nisihukumu upande mmoja. Kadi ilikuwa ya aina moja kwa majaribio yote, na kila mara nilikata kwanza pembetatu ndogo pembeni ili nirekebishe nguvu na kina cha kisu kabla ya kazi yenyewe.

Nilianza na Silhouette Studio. Toleo lake la bure, Basic Edition, ni pana kuliko nilivyodhani: linafuatisha picha (yaani kuigeuza kuwa mstari wa kukata), linahariri nodi (vidokezo vinavyounda mstari), linaunganisha maumbo, na linatuma kazi kwenye mashine bila kuhitaji intaneti. Mlango uliofungwa ulionikwaza mimi ni wa SVG. Ili ufungue faili la aina hiyo unahitaji Designer Edition, ambalo ni la kulipia, na ukitaka kuhifadhi kazi yako kama SVG unahitaji kupanda hadi Business Edition. Toleo la bure linakubali DXF, kwa hiyo nililihifadhi faili langu upya kwa muundo huo na likafunguka. DXF ulizaliwa pamoja na AutoCAD mwaka 1982 kwa ajili ya michoro ya kihandisi, na ukitumiwa kwa herufi za mwandiko unaonyesha asili yake: mikunjo yangu ilifika imejaa nodi nyingi kuliko nilivyoichora, na rangi zote za ndani zilikuwa zimepotea. Kwa kisu rangi si hoja, lakini kwa jicho linalotafuta kipande fulani katika mchoro wenye vipande hamsini, ni hoja.

Cricut Design Space iko kinyume chake. SVG inaingia bila malipo, ila ni lazima uwe na akaunti, na kazi zako hukaa kwenye seva za kampuni. Unaweza kuhifadhi kazi kwenye kifaa ili uitumie bila mtandao, lakini lazima uiandae mapema ukiwa bado mtandaoni. Kwa maoni yangu programu hii ni meza ya kupangia zaidi kuliko meza ya kuchorea, na anayeichukulia hivyo hatakasirika.

Jambo lililonishangaza ni pale nilipobofya kitufe cha kutengeneza: vipande vyangu vilihamishwa, vikasogezwa kwenye kona ya mkeka na kubanwa pamoja. Programu hufanya hivyo ili kuokoa karatasi, ikidhani kila umbo linajitegemea. Kuna amri mbili ambazo mgeni huzichanganya. Attach huyashikisha maumbo yabaki katika nafasi ulizoyapangia, huku kila moja likiendelea kuwa umbo lake. Weld huyayeyusha yakawa umbo moja na kufuta mistari yote inayopita ndani. Kwa neno "karibu" nilihitaji Weld, na nilipoikosa, kisu kilikata mstari katikati ya "k" na "a" mahali zinaposhikana, hivyo neno likawa vipande sita badala ya utepe mmoja.

Inkscape haijatengenezwa kwa ajili ya mashine yoyote ya kukatia. Ni programu huria ya kuchora vekta (michoro ya mistari na maumbo), ilianza mwaka 2003, na SVG ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Wengi huchora humo kisha wakahamia kwenye programu ya mashine, ingawa kipo kiendelezi (programu ndogo ya kuongezea) kiitwacho inkscape-silhouette kinachotuma kazi moja kwa moja kwenye mashine za Silhouette. Nilikijaribu, kikafanya kazi, ila kona za mraba zilitoka za mviringo kidogo, kana kwamba mtu amezipitishia msasa. Mwenye kujua sababu anisaidie.

Ya nne ni Sure Cuts A Lot, ya kulipia, ambayo inaendesha mashine za watengenezaji wengi. Zamani iliendesha hata za Cricut, mpaka mwaka 2011 ambapo Provo Craft, kampuni iliyomiliki Cricut wakati huo, ilimshtaki mtengenezaji wake, na baada ya maafikiano programu hiyo ikaacha kuzungumza na mashine hizo. Nimeitaja habari hii kwa sababu bado mtandaoni yapo maelekezo ya kabla ya hapo, na mtu anaweza kununua leseni akitegemea kitu ambacho hakipo tena.

Sasa nije kwenye ua, ambalo ndilo lililonifunza zaidi. Kila programu yenye uwezo wa kufuatisha picha ilinipa ua zuri kwenye skrini, na kila moja ilinikatia kila petali mara mbili, kukabaki pete nyembamba kama uzi wa kushonea. Nilidhani mashine imerudia mapito. Kumbe mstari wa penseli machoni petu ni mstari mmoja, lakini kwa programu ni umbo jeusi lenye unene, na umbo lenye unene lina ukingo wa nje na ukingo wa ndani, na kisu kitafuata kingo zote mbili bila kuuliza. Silhouette Studio ina amri ya kufuatisha ukingo wa nje peke yake, nayo ilimaliza tatizo kwa sehemu ya nje ya ua, ingawa ilifuta pia mistari inayotenganisha petali. Katika Inkscape nililivunja umbo, nikafuta kingo za ndani moja baada ya nyingine. Njia iliyo fupi kuliko zote niliigundua mwishoni: kabla ya kuskani, jaza kila petali rangi nyeusi kwa kalamu nene na uache nafasi nyeupe kati ya petali. Programu haitaona tena mstari wenye unene, bali itaona petali tano nyeusi.

Kilichobaki ni mraba. Katika programu tatu ulikuja na sentimita 10. Katika moja, ambayo sitaitaja kabla sijajua kosa ni lake au langu, ulikuja na sentimita 13.3, nami sikuliona hilo mpaka kadi ilipokwisha kukatwa. Nilirudia mara tatu, na mara zote ni 13.3 ileile. Je, kuna aliyewahi kukutana na namba hii?

MpendaKadi

Ahsante sana FundiMkeka kwa maelezo haya, hasa ya pete nyembamba, kwa sababu nimetupa karatasi nyingi kwa tatizo hilo nikilaumu kisu.

Naomba kuuliza kuhusu neno. Nikiandika kwa fonti ya mwandiko katika Inkscape na kuhifadhi SVG, kisha nikaifungua katika kompyuta nyingine yenye programu ya mashine, herufi zinageuka kuwa za fonti ya kawaida kabisa. Je, hilo nalo linatokana na programu ya mashine?

FundiMkeka

Dada MpendaKadi, hapana, hilo halitokani na programu ya mashine. Faili la SVG lenye maandishi ya kawaida hubeba jina la fonti tu, halibebi fonti yenyewe, na kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine iliyo karibu. Kabla ya kuhifadhi, chagua maandishi na utumie amri ya kugeuza kitu kuwa njia, ambayo katika Inkscape inapatikana kwa kubonyeza Shift, Ctrl na C pamoja. Herufi zitakuwa maumbo. Kisha vunja kundi na uyaunganishe yote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, na hapo kile kisa changu cha vipande sita hakitakupata. Hifadhi nakala nyingine yenye maandishi yanayoharirika, maana ukishageuza herufi kuwa njia huwezi tena kusahihisha tahajia kwa kuandika. Nasema hivi nikiwa nimekwisha kukata neno "hongera" bila "r" kwenye vinili ya pasi, ile inayobandikwa kwenye nguo.

Ukifanya kazi ya kalamu badala ya kisu, kanuni ni nyingine. Fonti za kawaida ni muhtasari wa herufi, kwa hiyo kalamu itachora pande mbili za kila herufi na kuacha uwazi katikati. Kwa kalamu tafuta fonti za mstari mmoja.

StikaKwanza

Ndugu FundiMkeka, nakuheshimu kwa kazi hii, lakini naona unampeleka mgeni kwa njia ndefu. Mtu aliyefungua boksi la mashine jana hahitaji kujua DXF ilizaliwa lini. Anahitaji kuchapisha ukurasa wa stika na kuzikata, na kwa kazi hiyo programu ya mtengenezaji haina mpinzani.

Sababu yake ni alama za mwongozo. Ukitaka kuchapisha kwa printa na kisha kukata, programu huchapisha alama nyeusi kuzunguka ukurasa, na kihisi kilicho karibu na kisu huzitafuta ili mashine ijue karatasi imekaa wapi na imepinda kiasi gani. Alama hizo zina umbo, unene na umbali ambao mashine hiyo pekee inaujua: kwa Silhouette ni mraba mmoja uliojazwa na kona mbili za mistari, kwa Cricut ni fremu inayozunguka mchoro. Ukichora stika zako katika Inkscape, mara nyingi bado utarudi kwa mtengenezaji kutafuta alama hizo. Mimi huchora moja kwa moja kulekule, na sijawahi kujutia.

Ninaongeza mambo mawili kwa wenye stika. Wakati wa kuchapisha hakikisha printa haijaamriwa kubana ukurasa uenee karatasi, kwa sababu alama zitasinyaa na kihisi kitazikosa au, mbaya zaidi, kitazipata na kukata pembeni kidogo ya kila stika. Pia, juu ya karatasi inayong'aa kihisi huona mwanga ukirudi mahali pa weusi. Bandika kipande cha utepe usiong'aa juu ya alama, kile kinachopitisha mwanga.

FundiMkeka

StikaKwanza, kuhusu stika nakubaliana nawe moja kwa moja, na nilikosea kutoziweka katika jaribio. Ninapotofautiana nawe ni kwenye kuchora kulekule. Kazi zako za miaka mitatu zikiwa katika muundo wa mtengenezaji mmoja, siku utakapobadilisha mashine utakuta umefungiwa nje ya michoro yako mwenyewe.

Hili si jambo la kufikirika tu. Machi 2021 Cricut ilitangaza mpango kwamba watumiaji wasiolipia huduma ya kila mwezi wangeruhusiwa kupakia michoro yao 20 tu kwa mwezi. Watumiaji walilalamika kwa sauti kubwa, na kabla ya mwezi huo kuisha kampuni iliufuta mpango. Uliisha vizuri, lakini ulionyesha kwamba programu inayokaa kwenye seva ya mtu mwingine hutumika kwa masharti yake. Ndiyo maana asili ya kila kazi yangu ninaiweka kama SVG kwenye diski yangu, na programu ya mashine ninaiachia kazi ya mwisho tu.

NuktaNaMstari

Nimefurahi kuona namba 13.3, kwa kuwa ni rafiki yangu wa siku nyingi.

SVG ni maandishi matupu. Lifungue faili lako kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida, utaona mistari inayosomeka, na karibu na mwanzo utakuta maneno width, height na viewBox. Kama mbele ya upana kuna kipimo, kwa mfano 210mm, faili linajieleza. Kama kuna namba peke yake, faili limetaja idadi tu ya vizio bila kusema kila kizio kina urefu gani, na hapo kila programu hutumia desturi yake.

Desturi zenyewe ni tatu. Kwa kanuni za sasa za wavuti, inchi moja ni vizio 96, na Inkscape inafuata hivyo tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017. Kabla ya hapo Inkscape yenyewe ilihesabu vizio 90 kwa inchi. Programu zilizokulia katika ulimwengu wa uchapaji huhesabu 72, kwa sababu pointi ya uchapaji ni sehemu moja ya 72 ya inchi.

Sasa chukua mraba wako. Sentimita 10 kwa vizio 96 kwa inchi ni vizio 377.95. Programu inayohesabu 72 ikizisoma namba hizo itagawa 377.95 kwa 72, itapata inchi 5.25, ambazo ni sentimita 13.3. Hiyo ndiyo namba yako, na inatuambia kwamba faili limeandikwa kwa 96 na limesomwa kwa 72. Kama lingeandikwa kwa 72 na kusomwa kwa 96, mraba ungetoka na sentimita 7.5. Faili la Inkscape ya zamani likisomwa kwa 96 hutoa takriban 9.4, na hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu tofauti ya milimita 6 haionekani kwa jicho na utaigundua pale kifuniko cha kisanduku kitakapokataa kuingia kwenye kisanduku. Inkscape mpya ikifungua faili la aina hiyo la kwake yenyewe huuliza kama ilibadilishe. Wengi wetu hubofya bila kusoma swali.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya hati katika Inkscape, weka kipimo cha ukurasa kwa milimita, hifadhi upya, kisha utazame tena ule mstari wa mwanzo. Usiongeze ukubwa kwa makadirio ndani ya programu ya mashine mpaka "ionekane sawa". Ukilazimika kurekebisha huko, tumia asilimia kamili: 75 kwa mraba uliokuja na 13.3, na 133.33 kwa uliokuja na 7.5.

Kuhusu kona za mviringo, kisu cha mashine hizi huzunguka chenyewe kama gurudumu la mbele la kiti cha ofisi. Ncha yake haiko katikati ya mhimili, imechelewa nyuma kidogo, na mashine inapogeuka kwenye kona ncha huchora upinde mdogo kabla ya kuelekea upande mpya. Programu ya mtengenezaji inakijua kisu chake, hivyo hupita kona kidogo na kurudi ili kufidia. Kalamu haina tatizo hilo, kwa sababu ncha yake iko katikati. Katika kiendelezi ulichokitumia kuna mahali pa kuchagua kama kifaa ni kisu au kalamu, nami nashuku umeacha kalamu.

MwenyeSkana

Niseme neno kwa niaba yetu tuliozoea ScanNCut ya Brother, maana uzi umetusahau. Mashine hii ilitoka mwaka 2013 ikiwa na skana ndani yake, kwa hiyo lile ua la penseli hulazimiki kuliskani kwingine. Unalibandika kwenye mkeka, mashine inalisoma na kukupa mistari ya kukata pale pale kwenye skrini yake. Hata picha iliyokwisha kuchapishwa mahali pengine, isiyo na alama za mwongozo, unaweza kuikata kwa kufuata ukingo wake.

Hata hivyo ile pete nyembamba ya FundiMkeka inatupata na sisi vilevile, kwa sababu skana nayo huona unene wa mstari. Programu yetu, CanvasWorkspace, inafungua SVG na kuhifadhi kwa muundo wa FCM ambao mashine inausoma, hata kwa kumbukumbu ya USB. Ushauri wangu kwa wanaofuatisha picha katika programu yoyote ni kutazama idadi ya nodi kabla ya kukata. Ua la petali tano halihitaji nodi elfu moja. Nodi zikizidi, mashine hutembea kwa kusitasita, na ukingo wa vinili hutoka na meno madogo ambayo yatakutesa wakati wa kung'oa mabaki.

FundiMkeka

Nimerudi na majibu, nikianza na NuktaNaMstari, ambaye ninamshukuru sana.

Nililifungua faili kama maandishi. Upana wa ukurasa uliandikwa 793.7 bila kipimo chochote, nami nikakumbuka kwamba siku ya kwanza nilikuwa nimebadilisha vizio vya hati kuwa pikseli ili nisome namba kwa urahisi. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Zile programu tatu zilikuwa zimekisia vizuri, na ile ya nne ilikisia kwa desturi yake. Nimerudisha milimita, mstari wa mwanzo sasa unasema 210mm, na mraba umeingia na sentimita 10 hata katika programu iliyokuwa ikinipa 13.3. Ninashukuru sikuitaja.

Kwenye kiendelezi, kweli nilikuwa nimeacha kalamu. Nilikuwa nimechora mistari ya kukunjia kadi kwa kalamu asubuhi yake na sikurudisha chaguo. Baada ya kuweka kisu, kona zimetoka kali.

Mwenye Skana, nilichagua nodi zote za ua katika Inkscape, na mstari ulio chini ya skrini ukanieleza kwamba ziko 1,142. Nilitumia amri ya kurahisisha, Ctrl na L, mara mbili, zikabaki 96, na kwa macho yangu ua halikubadilika. Mara ya tatu ndipo petali zilipoanza kuvimba, nikarudi nyuma hatua moja. Tofauti kwenye mashine ilisikika kabla haijaonekana: ule mlio wa kukwaruza wa vipande vifupi vifupi uligeuka kuwa mvumo mmoja, na mabaki ya vinili yaling'oka yote kwa mvuto mmoja bila kukatika.

StikaKwanza, nimekata pia ukurasa wa stika kwa alama za mwongozo kama ulivyoelekeza, michoro ikitoka Inkscape kama PNG na mistari ya kukata ikitengenezwa ndani ya programu ya mashine. Karatasi yangu ilikuwa ya kung'aa, jaribio la kwanza kihisi kilikataa, na utepe wako ukamaliza ubishi.

MpendaKadi

Na mraba, baada ya kukatwa, umeupima kwa rula au umeamini skrini?

FundiMkeka

Kwa rula, dada, pande zote nne, katika kadi nne zilizotoka katika programu nne. Zote ni sentimita 10. Ua bado lina petali moja yenye ncha butu, lakini hiyo nimeikuta vilevile kwenye penseli.